Bingwa aliyekosa gari: je, tuweke nyumba rehani kwa ajili ya mtoto wa gokati?

*"Mimi ni Mkenya kutoka Voi, naishi Sweden na mume wangu ambaye ni Msweden. Kijana wetu ana miaka 12. Huu ni msimu wake wa tatu kwenye gokati, vile vigari vidogo vya mbio, na ameshinda mbio kadhaa za klabu. Sasa timu moja imetuambia ana kipaji, imempa nafasi ya kushindana nje ya nchi, ila sisi ndio tulipe, na kiasi chenyewe kinazidi mshahara wangu wa mwaka mzima. Mume wangu anataka tuongeze mkopo kwa dhamana ya nyumba. Anasema mtoto akishaanza kushinda, pesa zitarudi zenyewe. Nilikuwa karibu kukubali, hadi niliposoma habari za Linus Lundqvist: bingwa wa Indy Lights, ngazi iliyo chini ya IndyCar, kisha chipukizi bora wa IndyCar yenyewe, mashindano makubwa ya Marekani, na bado akakosa gari. Ikiwa bingwa anaachwa, sisi tunakwenda wapi? Kwenye mchezo huu kipaji kina thamani, au ni pesa tu? Na miaka 12, hatujachelewa? Marehemu baba yangu ndiye aliyenifundisha kupenda magari, alikuwa akitupeleka kando ya barabara Safari Rally ikipita Taita. Sitaki niwe mama wa kumvunja moyo mwanangu. Lakini nyumba ni nyumba."*

Nyumba msiiguse. Nalitanguliza hilo, dada yangu, ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia. Na kutoigusa nyumba si sawa na kumwambia kijana aache. Hayo ni mambo mawili, na naona humo ndani mmeyafunga kwenye kifurushi kimoja: ama tukope, ama tumvunje moyo. Kati ya hapo kuna njia nyingi, nyingine ziko karibu na kwenu kuliko mnavyodhani.

Kwanza tulishughulikie wazo la shemeji, kwa sababu ndilo linalobeba mkopo wote: kwamba ushindi huleta pesa. Katika soka wazo hilo lina ukweli. Mtoto akifunga mabao, klabu kubwa humchukua, humlipia shule, humlipa mshahara, na siku ya kumuuza klabu hupata faida. Wazazi wengi wanaingia kwenye mbio za magari na ramani hiyo ya soka kichwani. Ramani si ya mji huu.

Huyo Lundqvist uliyemsoma ndiye mfano mzuri kuliko wote, na ningependa tumfuate hatua kwa hatua, maana habari za magazeti humwonyesha pale alipoanguka tu. Alizaliwa Tyresö, pembeni mwa Stockholm, Machi 1999. Mwaka 2018, akiwa na miaka 19, alitwaa ubingwa wa Formula 3 ya Uingereza, mbio za vijana za magari ya kiti kimoja yasiyo na paa. Kwa hesabu za shemeji, hapo ndipo pesa zilipaswa kuanza kurudi. Hazikurudi. Mwaka uliofuata alishindana Euroformula Open, mbio nyingine za vijana za Ulaya, na 2020 akavuka bahari kwenda kwenye Formula Regional Americas, mashindano ambayo Ulaya wachache waliyafuatilia. Kilichoyapa maana ni zawadi yake: ufadhili wa Honda wa dola 600,000 wa kumpandisha bingwa hadi Indy Lights. Akashinda mbio 15 kati ya 17. Zawadi hiyo ikamwingiza Indy Lights 2021, akamaliza wa tatu, na 2022 akawa bingwa.

Sasa angalia kilichotokea baada ya ubingwa. Miaka ya nyuma bingwa wa Indy Lights alikuwa akipata zaidi ya dola milioni moja za kumsaidia kuingia IndyCar. Ilipofika zamu ya Lundqvist, zawadi hiyo ilikuwa imepunguzwa kwa zaidi ya nusu. Msimu mmoja wa IndyCar hugharimu mamilioni ya dola kwa gari moja. Kwa hiyo alikuwa na kombe na sehemu tu ya nauli. Msimu wa 2023 ukaanza, yeye akautazama kutoka nje.

Kilichomrudisha ni bahati mbaya ya mwenzake. Julai 2023, dereva Mfaransa Simon Pagenaud alipata ajali mbaya katika mazoezi ya uwanja wa Mid-Ohio, Marekani, akapata mtikiso wa ubongo, akazuiwa kuendesha. Timu yake, Meyer Shank, ikahitaji dereva, na kufikia Agosti huko Nashville Lundqvist alikuwa ndani ya gari. Akaendesha mbio tatu, vizuri kiasi kwamba timu ya Chip Ganassi ikampa gari namba 8 kwa msimu mzima wa 2024. Alimaliza wa tatu kwenye uwanja wa Barber mwezi Aprili, wa tatu tena karibu na St. Louis mwezi Agosti, na mwisho wa msimu akatangazwa chipukizi bora. Kisha IndyCar ikaleta utaratibu mpya wa leseni za ushiriki wenye kikomo cha magari matatu kwa timu moja. Ganassi walikuwa na matano. Hesabu ya kutoa unaijua: 2025 ilianza bila Lundqvist kwenye orodha ya madereva wa msimu mzima.

Hakuna mahali katika hadithi hiyo alipoangushwa na uendeshaji wake. Angalia pia kwamba kila mlango uliofunguka au kufungwa, ufunguo ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine: mtoa zawadi, daktari aliyemzuia Pagenaud, waliotunga kanuni. Hivyo hofu yako, dada, ni ya haki. Lakini swali lako la "kipaji au pesa" linahitaji kunyooshwa kidogo.

Nieleze kiti cha gari la mbio ni kitu gani hasa. Wewe ni mtu wa Voi, matatu unazijua. Dereva wa matatu kila jioni anampelekea mwenye gari hesabu. Gari si lake, na kama hana hesabu, kesho ufunguo anapewa mwingine, hata awe dereva hodari namna gani. Timu za mbio za vijana ziko hivyo hivyo, tofauti ni moja tu na ni kubwa: matatu hii haina abiria. Hakuna televisheni ya maana inayolipia haki za kuonyesha Formula 4, hakuna watazamaji elfu hamsini wanaokata tiketi. Na bado fundi anataka mshahara, matairi yanakwisha kwa siku moja, injini ya gokati hufunguliwa na kukarabatiwa kila baada ya saa chache za kukimbia, lori linataka mafuta kwenda Italia na kurudi. Hesabu itatoka wapi? Kwa mzazi. Mteja wa timu ya vijana ni familia ya dereva. Mtoto wako hajaajiriwa na timu ile. Amealikwa kununua.

Na kila daraja likipanda, hesabu inapanda nalo. Formula 4 mtoto huanza akiwa na miaka 15. Juu yake kuna Formula Regional, kisha Formula 3 ya kimataifa ambako msimu mmoja huvuka yuro milioni moja, kisha Formula 2 ambako huvuka milioni mbili. Leseni ya kuendesha Formula 1 inataka alama 40 zilizokusanywa kwa misimu mitatu, na kwa kawaida umri wa miaka 18. Nyumba yenu, hata ingekuwa ufukweni Göteborg, inaweza kulipia ngazi mbili za kwanza. Halafu? Hilo ndilo swali la kumuuliza shemeji kwa upole, chai ikiwa mezani: tukishamaliza nyumba na mtoto ana miaka 16 na ameshinda, ngazi ya tatu analipa nani? Kama jibu ni "mdhamini", basi mdhamini atafutwe sasa, nyumba ikiwa bado yenu.

Hao wadhamini wapo. Marcus Ericsson, dereva Msweden wa Kumla, ana mkondo unaofundisha mengi. Akiwa na miaka tisa alifika karibu na rekodi ya uwanja wa gokati wa dereva wa mbio Fredrik Ekblom, naye Ekblom akamsihi baba mtu amnunulie gokati. Baadaye Kenny Bräck, Msweden aliyeshinda Indianapolis 500, mbio kubwa kuliko zote za IndyCar, mwaka 1999, alimshika mkono hadi Uingereza, ambako alitwaa ubingwa wa Formula BMW, mbio za vijana, mwaka 2007. Akafika Formula 1, akaanza mbio 97 kati ya 2014 na 2018 akiwa na timu ya Caterham na kisha Sauber, akavuna alama 18 tu. Wengi wakamwandika kama mtu aliyekwisha. Akaenda Marekani, na Mei 2022 akashinda Indianapolis 500, mbio ambazo zawadi yake mwaka huo ilikuwa dola milioni 3.1, ndani ya gari namba 8 la Ganassi lenye jina la Huski Chocolate ubavuni. Umeona hilo jina? Hata mshindi wa Indianapolis alikuwa na mdhamini aliyekuja naye. Alipoondoka Ganassi mwishoni mwa 2023, moja ya sababu zilizozungumzwa waziwazi ni kwamba alitaka kulipwa kama dereva badala ya kuja na pesa. Na gari aliloliacha, lile namba 8, ndilo alilopewa Lundqvist.

Njia nyingine ni akademia za vijana za watengenezaji wa magari. Dino Beganovic, kijana wa Linköping aliyezaliwa 2004 katika familia yenye asili ya Bosnia, alichukuliwa na akademia ya Ferrari mwaka 2020. Mwaka 2022 akawa bingwa wa Formula Regional ya Ulaya, na Aprili 2025 aliendesha gari la Charles Leclerc, dereva wa Ferrari wa Formula 1, katika mazoezi ya kwanza ya Bahrain. Namtaja makusudi kwa sababu najua mzazi mhamiaji huwa na swali asiloliandika: je, jina letu litakuwa kikwazo? Saa ya kupimia mzunguko haisomi jina. Lakini hata Beganovic, mwenye Ferrari nyuma yake, mwaka 2025 wote alikuwa bado Formula 2. Akademia hufungua milango, viti ni vile vile vichache.

Basi kipaji kina kazi gani? Ni sharti la kuingia kwenye mazungumzo. Bila kipaji, pesa itakununulia misimu mitano ya kumaliza wa 18. Tatizo ni kwamba katika umri wa mwanao kipaji na pesa vimechanganyika kama sukari kwenye chai. Mtoto aliyelipiwa siku 60 za mazoezi kwa mwaka, mwenye matairi mapya kila mara na injini iliyochaguliwa kati ya tano, ataonekana ana kipaji kuliko aliyefanya mazoezi siku 15. Matokeo peke yake hayatakuambia kitu. Kombe la klabu ni furaha kubwa, liweke kabatini, ila lisikupe taarifa ambazo halina.

Mimi nikitaka kumjua mtoto, matokeo nayaacha kando. Namtazama siku ya kwanza kwenye uwanja asioujua. Anachukua mizunguko mingapi kukaribia muda wa wenyeji? Kumi ni jambo moja, siku mbili ni jambo jingine. Namtazama mvua ikianza, maana kwenye lami iliyolowa nguvu ya injini na upya wa matairi hupungua umuhimu, na anayejua kuhisi mshiko wa gurudumu hujitokeza mwenyewe. Wenye kuhisi huacha mstari wa kawaida wa mbio, ambao mpira uliosuguliwa umeufanya utelezi, wakatafuta lami safi upande wa nje wa kona. Wengine huambiwa wafanye hivyo. Wachache hufanya kabla ya kuambiwa. Kisha naomba kitu ambacho timu nyingi hazipendi: watoto wawili wabadilishane gokati kwa mizunguko kumi. Mwanao akipanda chombo cha mwenzake na bado akawa mbele, tuna la kuzungumza. Akipanda na akawa nyuma, mlikuwa mkishangilia injini.

Jambo la mwisho ninaloliangalia ni mazungumzo yake na fundi. Mtoto anayesema "gari mbaya" hajafika. Anayesema "nikiachia breki kuingia kona ya tatu sehemu ya nyuma inateleza, lakini ikishatulia ni nzuri" ana hazina, kwa sababu ufundi huo ndio unaomfanya dereva aitwe kwa simu siku mwenzake ameumia. Pale Nashville, Lundqvist hakuwa na msimu wa kuzoea. Alipaswa kuingia kwenye gari la mtu mwingine, kueleza linavyokwenda, na kukimbia.

Mpime kijana kwa hayo, na apimwe na mtu asiyeuza kitu. Hapa ndipo ninapokuwa mkali kidogo. Aliyekuambia mwanao ana kipaji ndiye huyo huyo aliyekuletea bei. Simwiti mwongo, simjui. Lakini mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Lipa kocha wa pembeni kwa siku mbili, mtu asiye na timu wala gokati za kuuza, akae kando ya njia na saa yake. Itawagharimu kidogo ukilinganisha na msimu, na kama timu ile itakasirika mkiomba hivyo, mmepata jibu lenu bure.

Mkataba nao usomwe na mwanasheria kabla ya saini, ana kwa ana, si kwa kuutuma picha kwenye simu kwa binamu anayesoma sheria. Nimewahi kuona mkataba wa mtoto wa miaka 13 uliosema ada yote hulipwa Januari na hairudishwi hata akivunjika mkono Februari. Muulizeni mwanasheria aangalie hasa: siku za mazoezi zimeandikwa kwa idadi au kwa maneno matamu, chombo kikigongwa analipa nani, injini za timu hugawiwa kwa kura au kwa mapenzi ya bosi, na mtoto akiumia au shule ikizorota, mnatokaje. Kuhusu mkopo wenyewe, manispaa yenu ina mshauri wa bajeti na madeni ambaye huduma yake ni bure. Wengi huenda kwake wakiwa tayari wameshazama na Kronofogden, mkusanya madeni wa serikali, ameshabisha hodi. Nendeni mapema, nyote wawili, na karatasi za timu mkononi. Shemeji akisikia hesabu kutoka kwa Msweden mwenzake wa ofisini, huenda ikamwingia kuliko ikitoka kwako. Usikasirike, ndoa ziko hivyo.

Nimesema kuna njia za kati. Ya kwanza ni kubaki hapo mlipo kwa misimu miwili zaidi: gokati yenu wenyewe, mashindano ya ndani ya Sweden, na kijana ajifunze kufungua na kufunga chombo chake kwa mikono yake. Nchi hiyo ina utamaduni mzito wa magari ya bei nafuu, na sielewi kwa nini wahamiaji hawausikii. Kuna kitu kinaitwa folkrace. Magari makuukuu, njia ya changarawe, matope mpaka masikioni. Werevu wake uko kwenye kanuni moja: baada ya mbio, gari lako linaweza kununuliwa na mtu mwingine kwa bei ndogo iliyopangwa, na ukikataa kuliuza unapoteza leseni. Hivyo hakuna tajiri atakayemwaga mamilioni kwenye gari atakalonyang'anywa jioni kwa bei ya baiskeli nzuri. Kijana huanza akiwa na miaka 15. Hakuna shule bora ya kuendesha gari linaloteleza, na rallycross, mbio za magari kwenye njia fupi yenye lami na changarawe, iko hatua moja mbele yake. Msweden Johan Kristoffersson, anayetoka Arvika, alikuwa na mataji saba ya dunia ya rallycross kufikia 2024. Ni bingwa mkubwa, na hajawahi kuhitaji alama 40 za mtu yeyote.

Magari yenye paa nayo yana ajira ambazo Formula haina. Katika mbio za magari ya kawaida na GT, yaani magari ya kifahari ya kasi, watengenezaji hulipa madereva kweli, na kazi huwa ndefu. Thed Björk alikuwa na miaka 36 aliposhinda ubingwa wa dunia wa magari ya kawaida na Volvo mwaka 2017. Zaidi ya hapo kuna upande wa pili wa ukuta, wa mafundi na wahandisi. Öhlins, wanaotengeneza shokamzoba zinazotumika kwenye mbio duniani kote, wako Upplands Väsby. Wanafunzi wa Chalmers na KTH, vyuo vikuu vya uhandisi, huunda gari lao la mbio kila mwaka na kushindana na vyuo vingine. Mtoto anayejua kueleza tabia ya gari na anayefaulu hisabati ana mshahara unaomsubiri, na hakuna anayemuuliza mdhamini wake ni nani. Ndiyo maana kwangu shule haijadiliwi: timu inayotaka mtoto wa miaka 12 akose Ijumaa na Jumatatu kwa msimu mzima inaomba kitu cha thamani kuliko ada.

Michezo ya kuigiza mbio kwenye kompyuta? Inasaidia kujifunza viwanja na nidhamu ya breki. Nunueni usukani wa wastani na muishie hapo. Shingo haiimariki sebuleni.

Mawili ya afya, na haya hayangojei barua. Mtoto akigonga kichwa, au hata akitikiswa sana bila kichwa kugusa kitu, kisha akalalamika kichwa, kichefuchefu, kuona ukungu, au akawa mzito wa kujibu, siku ya mbio imekwisha papo hapo. Akipoteza fahamu, akitapika mara kwa mara au akisinzia isivyo kawaida, pigeni 112, simu ya dharura. Kwa dalili nyepesi pigeni 1177, simu ya ushauri wa afya, mwelekezwe, na asirudi kwenye gokati hadi daktari amwone na kumruhusu. Pagenaud alikuwa bingwa wa IndyCar mwenye timu ya madaktari, na ajali ile moja ya mazoezi ilimtoa kwenye msimu wote uliobaki. Ubongo wa mtoto unahitaji subira zaidi. La pili ni la moyo: akianza kuumwa tumbo kila Ijumaa kabla ya mbio, akikosa usingizi, au akiomba msamaha kwa kumaliza wa nne, huyo ameshajua bei ya kiti chake. Zungumzeni naye, na mkishindwa anzeni na muuguzi wa shule. Watoto husikia kupitia ukuta maneno "mkopo" na "nyumba" kuliko tunavyodhani, na si vizuri mtoto akapige breki ya kona ya kwanza akiwa amebeba paa la wazazi wake.

Kwa hiyo cha kumwambia wiki hii si "hapana". Mwambie hivi: kule nje mwaka huu hatuendi, hapa tunaendelea, na kocha wa pembeni anakuja kukutazama. Mpeni kazi moja ya kweli, kama kuandika daftari la kila siku ya mazoezi: hali ya hewa, presha ya matairi, muda wake bora, na sentensi mbili za alichohisi. Mwakani daftari hilo litamweleza mdhamini mambo mengi kuliko picha za makombe. Anzeni na wenye maduka mnakonunua, fundi wa magari wa mtaani kwenu, mwajiri wa shemeji. Ombeni kidogo na cha wazi: seti mbili za matairi, si "msaada".

Umeuliza kama miaka 12 mmechelewa. Kwa Formula 1, wengi wanaofika huwa wameanza na miaka saba au minane, na sitakupamba maneno, nafasi ni finyu hata kwao. Kwa mbio za magari kwa ujumla, hapana. Marehemu mzee wako bila shaka alilijua jina la Björn Waldegård, Msweden aliyeshinda Safari mara nne: 1977, 1984, 1986 na 1990. Alianza ushindi huo na Ford Escort na kuumaliza na Toyota Celica, na ile mara ya nne alikuwa na miaka 46.